Yoana wa Arc: alichomwa na nani, na kwa kosa gani?

Swali kutoka kwa katekista: “Tumsifu Yesu Kristo. Ninafundisha darasa la kipaimara parokiani kwetu. Binti mmoja amechagua jina la Yoana wa Arc. Mwenzake akasimama akasema huyo alichomwa moto na Kanisa kwa sababu ya uchawi, baadaye Kanisa likaona haya, likamfanya mtakatifu. Mwingine akadakia kwamba hata imani yake aliikana alipouona moto, halafu akageuka tena. Nilibaki sina la kusema. Je, ni kweli? Na kama alikufa kwa imani, mbona hatumwiti shahidi kama wale wa Namugongo?”

Milele, amina. Mwalimu, vijana wako wamesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo usiwanyang'anye. Lipo jibu jepesi linalozunguka kwenye parokia zetu: “Ni Waingereza waliomchoma, Kanisa halikuhusika.” Ukiwapa hilo, siku mmoja wao atakapozifungua kumbukumbu za kesi ataona umemdanganya, na tangu siku hiyo hata ukimfundisha Amri Kumi atakusikiliza kwa sikio moja.

Kesi ya Yoana, iliyofanyika Rouen, mji wa kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1431, ilikuwa kesi ya Kanisa. Hakimu mkuu alikuwa Pierre Cauchon, Askofu wa Beauvais. Aliyeketi naye ni Jean Le Maistre, Mdominiko (mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko), naibu wa mchunguzi wa imani, ambaye alilazimika kuburutwa ili akubali kukaa kwenye kiti hicho. Waliowazunguka kama washauri ni maabate, mapadre, wanasheria wa Kanisa na wanateolojia, siku nyingine zaidi ya 40 katika chumba kimoja, mbele ya binti wa miaka 19 hivi asiyejua kusoma wala kuandika. Ngome, askari, fedha na ile haraka ya kummaliza ndivyo vilivyokuwa vya Waingereza. Pande zote mbili zilihitajiana.

Kwa nini zilihitajiana? Kwa kifupi tu, maana vita hivyo ni virefu. Mfalme wa Uingereza alikuwa akidai taji la Ufaransa, na kwa mkataba wa Troyes wa mwaka 1420 mrithi wa Kifaransa, Charles, alinyimwa urithi wake. Paris na sehemu kubwa ya kaskazini zilikuwa mikononi mwa Waingereza na washirika wao, watu wa mtawala wa Bourgogne. Yoana, aliyezaliwa karibu na mwaka 1412 katika kijiji cha Domrémy kando ya mto Meuse, alisema kwamba tangu akiwa na miaka kama 13 alikuwa akisikia sauti, ambazo baadaye alizitaja kuwa za Malaika Mkuu Mikaeli, Mtakatifu Katarina na Mtakatifu Margareta. Mwanzoni zilimwambia awe mtoto mwema na ahudhurie kanisani. Baadaye zikamwambia aende kwa Charles. Alikwenda. Tarehe 8 Mei 1429 Waingereza waliuacha mji wa Orléans waliokuwa wameuzingira tangu Oktoba, na tarehe 17 Julai Charles akatiwa taji katika kanisa kuu la Reims, Yoana akiwa amesimama karibu naye na bendera yake mkononi.

Ukishaliona taji hilo, umeiona kesi yote. Kama binti huyu ametumwa na Mungu, basi Charles ni mfalme halali na Waingereza wanapigana na Mungu. Kama ni mzushi anayeongozwa na mashetani, basi taji la Reims ni kazi ya shetani. Kumuua tu vitani kusingewasaidia kitu; ilibidi Kanisa liseme kwamba alikuwa wa shetani. Ndiyo maana alipokamatwa Compiègne tarehe 23 Mei 1430, Waingereza walimnunua kwa livre 10,000, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, na Cauchon, askofu aliyekuwa mshauri wa mfalme wa Uingereza na ambaye mwaka uliotangulia alilazimika kuukimbia mji wake wa Beauvais ulipoupokea upande wa Charles, ndiye aliyekwenda mwenyewe kufuatilia mauzo hayo. Charles, aliyevikwa taji kwa jasho la binti huyu, hakutuma hata senti ya kumkomboa. Hilo nalo wasimulie vijana wako.

Sasa tuje kwenye lile la “Kanisa lilimhukumu”. Kanisa lipi, na lini? Kabla ya kupewa jeshi, Yoana alihojiwa Poitiers kwa muda wa kama wiki tatu na wanateolojia waliokuwa chini ya Askofu Mkuu wa Reims. Mmojawao, Mdominiko Seguin, mtu wa Limousin mwenye lafudhi ya mkoa wake, alimwuliza sauti zake zinasema lugha gani. Yoana akamjibu: nzuri kuliko yako. Seguin mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa hicho miaka mingi baadaye, na bila shaka alikuwa bado na ile lafudhi ya kwao. Wanateolojia wa Poitiers hawakukuta kwake lolote baya. Walikuta unyenyekevu, ubikira, ibada na unyofu, na hivyo ndivyo walivyomwandikia mfalme. Huko Rouen Yoana aliwaambia waamuzi mara kadhaa wakatazame kitabu cha Poitiers. Hawakukitazama, na leo kitabu hicho kimepotea. Kwa hiyo alipofikishwa Rouen tayari wanateolojia wa Kanisa walikuwa wamemchunguza na hawakumkuta na kosa. Na miaka 25 baadaye ingetoka hukumu nyingine, safari hiyo kwa amri ya Papa. Hukumu ya Rouen ni moja kati ya tatu, na ndiyo iliyoendeshwa vibaya kuliko zote.

Ilivyoendeshwa ni jambo ambalo mwanasheria yeyote wa Kanisa wa wakati ule angelitambua. Mmoja, Jean Lohier, alipoombwa maoni alisema waziwazi kwamba kesi ni batili: inaendeshwa ndani ya ngome, watu hawako huru kusema, na msichana asiye na elimu hana wakili. Baada ya kusema hivyo aliondoka Rouen, na alifanya vizuri kuondoka, kwa kuwa mwingine aliyepinga, Nicolas de Houppeville, alitupwa gerezani. Yoana alipaswa kuwekwa katika gereza la Kanisa, alindwe na wanawake. Aliwekwa katika ngome ya Rouen, minyororo miguuni, akilindwa na askari watano wa Kiingereza, watatu kati yao wakilala naye chumba kimoja. Mfanyabiashara mmoja wa Rouen alisimulia baadaye habari za mtu aliyetumwa na askofu kwenda kupeleleza maisha ya Yoana kijijini kwao. Alirudi akasema hakukuta jambo lolote ambalo asingependa kulikuta kwa dada yake mwenyewe. Askofu akamfokea, akamwita msaliti, na malipo hakupewa.

Usidhani lakini kwamba Yoana alikuwa mwana-kondoo asiyefungua kinywa. Akiambiwa aape kusema kweli juu ya kila atakaloulizwa, alikataa kuapa bila mipaka, kwa sababu hakujua watamwuliza nini. Akiambiwa asali Baba Yetu, alimwambia Askofu Cauchon kwamba ataisali kama askofu atakubali kumsikiliza maungamo yake. Ombi hilo si la ujanja tu. Kama askofu angesikiliza maungamo yake, angefungwa na siri ya maungamo, na tena angejua dhamiri ya mtu aliyekuwa anataka kumhukumu. Cauchon alikataa. Alipoulizwa kama Mtakatifu Mikaeli alimtokea akiwa uchi, alijibu kwa kuuliza: mnadhani Mungu hana cha kumvika? Na alipoulizwa kama Mungu anawachukia Waingereza, alisema kwamba juu ya upendo au chuki ya Mungu kwa Waingereza, na juu ya atakachozifanyia roho zao, yeye hajui lolote. Anachojua ni kwamba watafukuzwa Ufaransa, isipokuwa watakaofia humo. Wapo wanaomfanya Yoana kuwa mtakatifu wa kuwachukia wageni. Jibu hilo linawatosha. Mtumishi wake alishuhudia kwamba vitani huko Patay alishuka farasini, akamshika kichwa Mwingereza mmoja aliyekuwa anakata roho, akahakikisha anaungama.

Tarehe 24 Februari waliuliza swali ambalo kila anayefundisha kipaimara angepaswa kulijua: je, unajua kama uko katika neema ya Mungu? Huo ulikuwa mtego. Akisema ndiyo, amejidai kujua asichoweza mtu kukijua kwa hakika, naye ana kiburi cha uzushi. Akisema hapana, amejihukumu mwenyewe. Yoana alijibu: “Kama simo, Mungu anitie humo, kama nimo, Mungu anihifadhi humo.” Mwandishi mmoja wa mahakama alikumbuka kwamba waliokuwa wakimhoji walipigwa na butwaa. Jibu hilo leo limo katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2005, pale inapofundisha juu ya neema. Geuza kurasa hadi namba 795 utamkuta tena, akisema kuhusu Yesu Kristo na Kanisa kwamba yeye anajua tu kuwa ni kitu kimoja, na jambo hilo lisifanywe gumu. Maneno hayo mawili aliyatamka mbele ya mahakama iliyomwita adui wa Kanisa.

Na hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Shtaka lililommaliza halikuwa uchawi. Ni kweli kwamba hati ya kwanza ya mashtaka, yenye vifungu 70, ilijaa mambo ya mti wa mapepo wa Domrémy, ndumba na hirizi. Vilipopunguzwa vikawa 12, uchawi ukasogezwa pembeni, kwa sababu hapakuwa na ushahidi. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Paris waliendelea kusema kwamba sauti zake ni za Beliali, Shetani na Behemothi, na lugha hiyo ikaingia hadi kwenye hukumu. Lakini hoja tatu ndizo zilizobeba kesi: sauti, mavazi ya kiume, na kwamba hataki kunyenyekea kwa Kanisa lililoko duniani. Ya tatu ndiyo nzito, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mtu awe mzushi.

Je, alikataa kunyenyekea? Alisema tangu mwanzo kwamba yuko tayari kulitii Kanisa, Bwana wetu akitangulia kutumikiwa. Alichokataa ni kusema kwamba sauti alizozisikia hakuzisikia. Alipoelezwa na Ndugu Isambart, Mdominiko, kwamba kuna Mtaguso Mkuu unaokutana Basel, na huko wapo watu wa upande wa mfalme wake pia, alisema basi ananyenyekea kwa Mtaguso. Isambart alishuhudia kwamba Cauchon alimpigia kelele anyamaze, kwa jina la shetani, na kwamba mwandishi aliambiwa asiyaandike maneno ya Yoana. Binti akalalamika: mnaandika yaliyo dhidi yangu, yanayonitetea hamyaandiki.

Mtu anaweza kusema hayo yalisimuliwa na watu waliokuwa wakijisafisha miaka mingi baadaye. Sawa, tuyaweke kando. Tuchukue kumbukumbu rasmi za Kilatini, zilizotayarishwa chini ya Cauchon mwenyewe. Humo, katika habari za tarehe 24 Mei 1431 makaburini Saint-Ouen, imeandikwa kwamba Yoana, mbele ya umati, alitaka mambo yake yote yapelekwe Roma kwa Baba Mtakatifu Papa, ambaye baada ya Mungu ndiye anayemtegemea. Walimjibu kwamba Papa yuko mbali mno, na kwamba maaskofu ni waamuzi kila mmoja katika jimbo lake. Papa wakati huo alikuwa Eugenio IV, aliyechaguliwa Machi mwaka huohuo. Mtu anayesema “nipelekeni kwa Papa” akaambiwa ni mbali, kisha akahukumiwa kwa kutolitii Kanisa: huyo ndiye Yoana. Sijui kama katika historia ya mahakama za Kanisa ipo aibu kubwa kuliko hiyo, lakini kwangu inatosha.

Sasa lile la kukana, ambalo kijana wako wa pili amelipata karibu sawasawa. Siku ileile ya Saint-Ouen, mnyongaji akisubiri na mkokoteni wake, mhubiri akimzomea, washauri wakimsihi asaini aokoke, Yoana alisaini karatasi. Ndiyo, aliogopa. Alikuwa ametoka kuugua sana mwezi Aprili, hata mkuu wa ngome, Warwick, akawaagiza matabibu wamtibu kwa uangalifu kwa sababu mfalme wa Uingereza amemnunua ghali na hataki afe kifo cha kawaida. Alikuwa ametishiwa vyombo vya mateso. Alikuwa amekaa miezi mitano kati ya wale askari. Karatasi aliyosaini, kwa kauli ya mashahidi walioiona, ilikuwa na mistari sita au saba hivi. Ile iliyobandikwa kwenye kumbukumbu rasmi ina zaidi ya mistari 40, imejaa makosa ambayo hata hakuulizwa. Aliahidi, kwa alivyoelewa yeye, kuacha mavazi ya kiume na kujiweka chini ya Kanisa, nao wakamwahidi kumwondoa mikononi mwa Waingereza. Alipowaambia mapadre sasa wampeleke kwenye gereza lao, Cauchon alitoa amri moja: mrudisheni mlikomtoa.

Baada ya siku nne alikutwa amevaa tena mavazi ya kiume. Namna ilivyotokea, mashahidi wanatofautiana. Wapo waliosema askari walimficha gauni lake, wakamwachia gunia la nguo za kiume. Wapo waliosema alivamiwa na kutaka kunajisiwa, na ile suruali ya kufungwa kwa kamba nyingi ndiyo iliyokuwa kinga yake. Kwenye kumbukumbu rasmi yeye mwenyewe anasema amezivaa kwa hiari, kwa sababu akiwa kati ya wanaume inafaa zaidi kuvaa hivyo, na kwa sababu hawakutimiza waliyomwahidi: kwenda Misa, kumpokea Mwokozi wake, kufunguliwa minyororo. Akaongeza kwamba akiwekwa katika gereza la heshima, atafanya lolote Kanisa litakalotaka. Ndipo Cauchon akauliza kama amezisikia tena sauti. Akajibu ndiyo, na kwamba zimemwambia amefanya vibaya sana kukana ili kuokoa maisha yake. Pembeni ya jibu hilo mwandishi aliandika kwa Kilatini maneno mawili, maana yake: jibu la kifo.

Kuhusu mavazi yenyewe, wanafunzi wako watakutolea Kumbukumbu la Torati 22:5, mwanamke asivae mavazi ya mwanamume. Waamuzi wa Rouen nao waliitoa. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyekuwa amekufa zaidi ya miaka 150 kabla ya kesi hiyo na ambaye kila mmoja wa wasomi wale alimsoma, aliandika kwamba jambo hilo linaweza kufanyika bila dhambi kwa sababu ya lazima, kama vile kujificha na adui au kukosa nguo nyingine. Mfungwa wa kike kati ya askari watatu usiku kucha, kama hiyo si lazima, sijui lazima ni ipi. Walikuwa wanaijua hoja hiyo. Hawakuitumia.

Niseme jambo moja kuhusu imani yake wakati huo wote, kwa kuwa watu huitafuta katika sauti na upanga, na upanga wenyewe alisema anaipenda bendera yake mara 40 kuliko huo, tena alibeba bendera ili asimuue mtu. Jean Massieu, aliyekuwa tarishi wa mahakama, ndiye aliyemtoa chumbani na kumrudisha. Njiani kulikuwa na kikanisa cha ngome. Yoana alimwuliza kama Mwili wa Kristo umo humo, akaomba aruhusiwe apige magoti mlangoni, kwa kuwa ndani hakuruhusiwa. Massieu alimruhusu. Mwendesha mashtaka, Jean d'Estivet, alipopata habari alimtukana Massieu, akamtishia kumfunga mahali asipoona jua wala mwezi, na mara nyingine akaenda mwenyewe kusimama mlangoni awazuie. Nyimeni mtu huyu Misa kwa miezi mitano, halafu mwandikeni kuwa amejitenga na Kanisa!

Tarehe 30 Mei asubuhi Ndugu Martin Ladvenu alimwungamisha na kumpa Komunyo, kwa ruhusa ya Cauchon. Wahubiri wengine husema hapo Cauchon alikiri bila kujua kwamba binti hana kosa. Mimi sipendi hoja hiyo, kwa sababu sheria ya wakati ule iliruhusu mzushi aliyerudia uzushi wake apewe sakramenti akitubu kabla ya kuuawa. Yenye uzito zaidi ni ile ya mwisho: alikabidhiwa kwa serikali, na ofisa wa mfalme hakutoa hukumu yoyote, akasema tu apelekwe. Uwanjani Vieux-Marché Yoana aliomba msalaba. Mwingereza mmoja alimtengenezea mdogo kwa vijiti, naye akauweka kifuani; Isambart akaenda kanisani jirani kuleta ule wa maandamano, akauinua mbele ya macho yake. Waliokuwepo walisikia akiita jina la Yesu mara nyingi, na neno lake la mwisho lilikuwa hilo. Majivu yake yalimwagwa katika mto Seine ili watu wasije wakayafanya masalia.

Hukumu ya tatu ilianza na mama. Tarehe 7 Novemba 1455 Isabelle Romée, sasa mjane na mzee, aliingia katika kanisa la Notre-Dame, Paris, akiwa na wanawe na hati ya Papa Kalisto III iliyoruhusu kesi ifunguliwe upya. Mdominiko Jean Bréhal, mchunguzi wa imani, ndiye aliyekuwa mbele katika uchunguzi huo, pamoja na maaskofu walioteuliwa na Papa. Walihojiwa mashahidi zaidi ya 100: wakulima wa Domrémy, askari, makasisi, hata waandishi wa mahakama ya kwanza. Tarehe 7 Julai 1456, Rouen hapohapo, kesi ya 1431 ilitangazwa batili kwa udanganyifu, usingiziaji na makosa ya wazi ya sheria na ya ukweli wa mambo. Usiwafiche vijana kwamba Charles alikuwa na masilahi yake: mfalme gani anataka ijulikane kwamba alitiwa taji kwa msaada wa mzushi? Karibu miaka 20 alikaa kimya, akaamka alipokwisha kuuteka mji wa Rouen wenye makaratasi ya kesi. Lakini masilahi ya Charles hayafuti ule mlango wa kikanisa, wala lile jibu la “Papa yuko mbali”.

Kwa hiyo unapoulizwa kama Kanisa lilikosea, jibu ni kwamba ndiyo, watu wa Kanisa walikosea vibaya, tena wasomi. Hukumu ya mahakama ya jimbo juu ya mtu fulani si fundisho la imani, na Kanisa halijawahi kudai kwamba mahakama zake hazikosei. Ndiyo sababu rufaa zipo. Papa Benedikto XVI, katika katekesi yake ya tarehe 26 Januari 2011, alisema kwamba waamuzi wale walikosa upendo na unyenyekevu wa kuona kazi ya Mungu ndani ya binti huyo. Wala si kweli kwamba Kanisa lilimfanya mtakatifu kwa kuona haya. Kama ingekuwa haya tu, mwaka 1456 ungetosha. Kesi ya kumtangaza mtakatifu ilianza kusukumwa na Askofu Dupanloup wa Orléans mwaka 1869, akatangazwa mwenyeheri mwaka 1909 na mtakatifu tarehe 16 Mei 1920, yaani miaka 489 baada ya moto.

Limebaki la Namugongo. Papa aliyemtangaza Yoana mtakatifu ni Benedikto XV, na wiki tatu baadaye, tarehe 6 Juni 1920, Papa huyohuyo aliwatangaza Karoli Lwanga na wenzake kuwa wenyeheri. Wote wawili, Lwanga na Yoana, walikufa kwa moto. Lakini Lwanga na wenzake waliitwa mashahidi, na Yoana aliingizwa katika orodha kama bikira. Sababu ni ya kisheria zaidi kuliko ya heshima. Ili mtu ahesabiwe shahidi, sharti ithibitike kwamba aliyemuua alifanya hivyo kwa kuichukia imani. Waliomuua Yoana walikuwa Wakristo, wengine maaskofu, waliosema wanaitetea imani hiyohiyo, na nyuma yao kulikuwa na siasa za taji. Ingekuwa vigumu kuthibitisha chuki ya imani hapo, basi ikafuatwa njia nyingine, ya kuthibitisha ushujaa wa fadhila zake.

Huyo binti wa darasa lako mwachie jina lake. Sikukuu yake ni 30 Mei, siku nne kabla ya ile ya Mashahidi wa Uganda, kwa hiyo zikiangukia wiki moja unaweza kuzifundisha pamoja. Kwenye fomu ya kipaimara andika Yoana wa Arc, ili karani wa parokia asije akamchanganya na watakatifu wengine wenye jina hilo; ni wengi.